Mmemkatia Bibi Upenu

SAFU: KUTOKA KAZEH
Na Mwana Kazeh

Nyumba ya udongo haikatwi upenu. Nimeliandika hili hapa mara nyingi, hadi msomaji wangu mmoja wa Isevya ananiita Mzee Upenu tukikutana sokoni. Wiki hii nalirudia kwa hasira, maana nimeikuta nyumba nzuri ya Gongoni inauawa na watu wanaodhani wanaipendezesha.

Ni nyumba ya mjane mmoja, shoga wa marehemu mama yangu. Mumewe aliijenga kwa matofali mabichi, kuta nene, bati la migongo midogo limetokeza mbele na nyuma kiasi kwamba ulikuwa ukikaa barazani mvua inamwagika na hulowi hata vidole vya miguu. Mlango na madirisha ni ya mninga. Kila mwezi wa kumi yule mzee alikuwa akipanda juu na nyundo, anagongelea misumari iliyolegea, anafagia majani ya mwembe, kisha anashuka kusiriba pale ukuta ulipochimbika. Hakuhitaji zaidi ya hapo, na nyumba ilikaa kavu tangu sisi watoto.

Mwaka huu kijana wao aliyeko Dar es Salaam katuma hela ya ukarabati, na pamoja na hela akatuma picha kwenye simu: nyumba ya paa la kuficha, kuta zimepanda juu kama boksi, bati halionekani. Fundi hakuuliza kitu. Akakata kenchi zote pale zilipotokeza, akainua ukuta wa bloku kulizunguka paa, akalaza mfereji wa bati nyuma yake wenye tundu moja la bomba, kisha akapiga lipu ya saruji nyumba nzima na rangi ya kijivu juu yake. Mlango wa mninga ukang'olewa, ukawekwa wa chuma. Niliuliza ule wa zamani uko wapi, nikaambiwa umeuzwa. Mninga wa misitu yetu hii ya miombo, mti ambao mchwa wenyewe wanauheshimu, umeuzwa ili kununua chuma kitakachoanza kutu masika ya pili!

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha Jumanne usiku. Mwembe haujui habari za fasheni. Ukaangusha majani yake juu ya paa kama miaka yote, majani yakaziba tundu la bomba, mfereji ukajaa, maji yakakosa njia yakamwagikia ndani ya ukuta. Jumatano asubuhi nilikuta bamba la lipu limelala chini, pana kama mlango. Nikachomeka kidole kwenye udongo uliobaki wazi. Kikazama hadi kiungo cha pili, kikatoka na tope. Nikagonga lipu ambayo bado imesimama: inalia utupu, imeshaachana na ukuta. Chumbani kwa bibi kitanda kimesogezwa katikati, mabeseni yamepangwa pembeni, na yeye anajifuta miguu ananiambia, "Mwanangu, baba yao angekuwepo asingekubali."

Fundi nilimpata. "Mzee, mimi nimepewa picha." Kijana naye nikampigia. Ana adabu, alinipa shikamoo kamili, kisha akasema, "Mzee wangu, sikutaka nyumba ya mama ionekane ya kizamani."

Ya kizamani ni hiyo aliyojenga yeye. Paa bapa lililitangulia bati hapa kwetu Unyanyembe. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wanaishi kwenye matembe, nyumba za udongo za paa bapa. Livingstone alisubiri wapagazi kwenye tembe la Kwihara, jirani na hapa, mwaka 1872 hadi Agosti. Paa la tembe ni miti, fito, nyasi, halafu udongo umeshindiliwa juu. Linavuja, linaota majani, linataka mikono ya kulisiriba kila mwaka, na matajiri wa misafara walikuwa na watumwa wa kuwaamrisha. Reli ilipofika Tabora 1912 mizigo ikatoka vichwani ikapanda behewa, bati likaenea, na mtu wa kawaida akaweza kuliinamisha paa lake na kulitokeza nje ya ukuta. Wazee wetu walilikimbia paa bapa kwa sababu waliijua mvua ya huku, inayotushika Novemba na kutuachia Aprili. Sasa tunalirudisha bila hata mtu wa kulihudumia. Nani atapanda kuzibua bomba, bibi?

Saruji siichukii. Iwekeni kwenye msingi, iwekeni bafuni. Lakini ukuta wa matofali mabichi hunyonya unyevu kutoka chini, na unyevu huo hutoka kwa jua na upepo. Ukiuvisha saruji mwili mzima, maji hayana pa kutokea, udongo unalainika ndani kwa ndani, na wewe uliye nje unaona rangi mpya tu. Kule Djenné, nchini Mali, watu hukusanyika kila mwaka kuusiriba upya msikiti wao mkubwa wa udongo, na dunia nzima inakwenda kuutazama. Sisi tunaona aibu kusiriba kibaraza.

Chanzo cha yote ni kukarabati kwa simu. Aliye mbali anataka kitu kitakachopendeza kwenye picha, na fundi analipwa kwa kipya kinachoonekana. Msumari uliogongelewa vizuri hauonekani kwenye picha. Mafundi wa Kanyenye, Ipuli na Ng'ambo, mnaijua kazi hii kuliko mimi: mtu akikuletea picha, muulize kwanza ukuta wake ni wa tofali gani. Hilo tu, kabla hujashika msumeno.

Nyumba ya bibi bado inaokoleka. Bloku zile zishuke, kenchi ziungwe, bati litokeze tena futi mbili na zaidi. Lipu ya saruji ibanduliwe, ukuta uachwe upigwe jua hadi ukauke kabisa, kisha usiribwe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, juu yake chokaa. Mafundi wa kuifanya wapo hapa hapa mjini.

Na wewe kijana, uliniambia mwenyewe unaisoma safu hii. Uliniambia pia awamu ya pili ni marumaru za sebuleni na dari ya jipsamu. Hela hiyo igeuze iwe mbao na bati wiki hii hii. Ukiona siyo, basi panda basi uje Desemba mvua ikiwa imekolea, mama yako tumlaze hotelini kwa hela ya marumaru, na wewe ulale chumbani kwake.