Ada ya Mwaka kwa Pato la Siku

Tupitapo River Road asubuhi tunamkuta fundi wa viatu akingoja mteja wa kwanza. Amepita miaka sitini. Hana mwajiri wala pensheni.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, akiwa amekwisha kuupata. Asiye na mshahara hutozwa kiwango kicho hicho cha pato la nyumba yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, lakini sheria yamtaka alipe ya mwaka mzima mapema. Yaani anayetozwa kiwango cha chini kabisa atoe shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja. Anayekadiriwa kupata 20,000 kwa mwezi atoe 6,600. Chini ya NHIF alilipa 500 kila mwezi. Tuseme kweli: kwa maskini jumla imepungua. Kilichozidi ni taabu ya kuipata yote siku moja.

Na makadirio yenyewe? Mtu huulizwa habari za nyumba, choo na mali yake. Dagoretti wamo wazee waliorithi kiwanja na nyumba ya mawe, ilhali mfukoni hamna nauli ya kufika Mbagathi. Ukuta hauuzwi jiwe moja moja.

Tutakumbushwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa mwaka 2025. Huo ni mkopo. Karani wa Harambee Avenue haambiwi akope ili awe na bima. Kwa nini mzee aambiwe?

Desemba 1989 wazazi wetu walikuta ada zimewekwa katika hospitali za umma, hakuna aliyewauliza. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria hizi mpya zilikiuka Katiba, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba hiyo Mahakama ya Rufani iliruhusu utekelezaji uendelee.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Jamaa wanajitahidi: ninyi mnaojaza bahasha za michango ya hospitali makanisani Kangemi na Kawangware mnajua. Twataka Bunge lirekebishe sheria, asiye na mshahara alipe mwezi kwa mwezi bila mkopo. Mbunge wa Westlands au wa Dagoretti Kaskazini akiinuka kanisani kuwasalimu waumini, aulizwe atauwasilisha lini mswada huo.