Bendi ikirudiana, si lazima irudi nyuma

Bendi ikivunjika, sisi mashabiki huwa kama watoto wa wazazi waliotengana. Tunachagua upande. Aliyetoka tunamfanya malaika, aliyeletwa kujaza nafasi yake tunamchukia hata kabla hajafungua mdomo. Halafu siku wakitangaza shoo ya pamoja, nusu yetu tunalia kwa furaha na nusu inasema, "Wameishiwa na doo hao."

Kuna rekodi moja kutoka Uholanzi inayofaa kutufunza adabu. Inaitwa TG25: Live at Doornroosje, na wenyewe ni bendi ya roki ya The Gathering. Ilirekodiwa Novemba 2014 katika mji wa Nijmegen, bendi ikisherehekea miaka 25, na ikatolewa mwaka uliofuata. Huenda hujawahi kusikia jina lao. Usijali, hata kwa wapenzi wa roki wengi hawalijui, na hilo lenyewe ni kosa.

Hebu tuanze mwanzo. The Gathering ilianzishwa mwaka wa 1989 katika mji mdogo wa Oss na ndugu wawili, Hans Rutten kwenye ngoma na René Rutten kwenye gitaa, pamoja na mwimbaji Bart Smits. Albamu yao ya kwanza, Always..., ya 1992, ilikuwa metali nzito ya mwendo wa pole. Smits alikuwa akinguruma kama simba aliyenyimwa nyama, huku Marike Groot akimjibu kwa sauti laini. Mwaka wa 1993 wakatoa Almost a Dance wakiwa na waimbaji wengine, nayo ikakosolewa vikali, hasa upande wa sauti. Bendi nyingi zingefia hapo.

Wao hawakufa. Mwaka wa 1994 akaingia binti anayeitwa Anneke van Giersbergen, na 1995 ikatoka Mandylion. Magitaa yalibaki mazito vile vile, ila juu yake sasa kulikuwa na sauti safi, pana, isiyopiga kelele wala kubembeleza. Leo jambo hilo halishangazi mtu. Within Temptation, Waholanzi wenzao, na Evanescence wa Marekani walikuja baadaye na mchanganyiko wa aina hiyo, wakapata umaarufu mkubwa zaidi. The Gathering walikuwa wameshapita hapo mapema, na hawakungoja kushangiliwa.

Maana badala ya kurudia Mandylion mara kumi, walibadilika tena. Mwaka wa 1998 walitoa How to Measure a Planet?, albamu ya diski mbili ambayo wimbo wake wa mwisho unakaribia nusu saa. Metali ilipungua, sauti za anga zikaongezeka, nao wakauita mtindo wao "trip rock". Baadaye wakaanzisha lebo yao wenyewe, Psychonaut Records. Kibiashara, pengine hiyo haikuwa njia ya kuomoka haraka. Lakini muziki ukawa wao.

Mwaka wa 2007 Anneke akaondoka, baada ya miaka 13 hivi. Nafasi yake ikachukuliwa na Silje Wergeland kutoka Norway, na 2009 wakatoa The West Pole. Sasa fikiria wewe ndiwe Silje. Unaingia katika bendi ambayo mashabiki wake wanaota sauti ya mtu mwingine. Kila wimbo wa zamani unaoimba ni mtihani, na watahiniwa ni wawili ingawa jukwaani uko peke yako.

Ndiyo maana usiku ule wa Nijmegen una uzito. Doornroosje ni jina la Kiholanzi la yule binti mfalme wa hadithi aliyelala miaka mia moja. Ukumbi huo wa muziki ulikuwa umehamia jengo jipya mwaka huo huo wa 2014. Ndipo The Gathering walipoita watu wao. Bart Smits alikuja. Marike Groot alikuja. Anneke alikuja. Na Silje, mwimbaji wao wa wakati huo, alikuwepo pia. Hakufichwa nyuma ya pazia ili wa zamani wang'ae.

Ukisikiliza rekodi hiyo, unasikia sauti zikibadilishana juu ya gitaa lile lile la René na ngoma zile zile za Hans. Mngurumo wa ujana wao na utulivu wa utu uzima wao viko kwenye meza moja. Hakuna enzi iliyotukuzwa kupita nyingine. Bendi inasema waziwazi: sisi ni hawa wote.

Wapo watakaopinga. Watasema shoo za kurudiana ni biashara ya kumbukumbu, na mara nyingi watakuwa sahihi. Tumeona makundi yakirudi kwa sababu ya hundi tu, yanaimba vibao vitatu vya zamani, kisha kila mtu anapanda gari lake. Watasema pia kwamba rekodi ya namna hii inambamba aliyekuwa akiwafuata tangu zamani, na mgeni anaweza kupotea njiani. Hilo nalo ni kweli kiasi.

Lakini tazama kilichofuata. Ingekuwa biashara tu, bendi ingemtema Silje asubuhi yake na kuzunguka dunia na Anneke. Haikufanya hivyo. Ilipumzika, na iliporudi na nyimbo mpya mwaka wa 2022, katika Beautiful Distortion, sauti ilikuwa ya Silje. Kwenye besi alikuwa Hugo Prinsen Geerligs, ambaye alikuwa ameondoka miaka mingi kabla. Mtu aliweza kutoka, akarudi, na mlango haukuwa umefungwa kwa kufuli. Anneke naye aliendelea na kazi zake bila kulazimika kuwasema vibaya wenzake wa zamani.

Msimamo wetu ni huu: kurudiana kwa heshima ni kule kusikomdhalilisha aliyebaki. Vijana wengi wenye makundi ya muziki, ya dansi au hata ya kutengeneza video wanaachana kwa matusi mtandaoni, kisha wanashangaa mbona hawawezi kusalimiana miaka mitano baadaye. Kuachana si dhambi. Kuchoma daraja ukiwa bado juu yake ndio ujinga.

Jambo la pili ni rekodi yenyewe. Shoo ngapi nzuri umehudhuria ambazo zimebaki kama video ya sekunde 30 kwenye simu ya beste wako, picha ikitikisika na mtu akipiga nduru karibu na maikrofoni? The Gathering walirekodi usiku wao vizuri, kwa hivyo usiku huo bado upo. Kundi lenye mpango na maisha yake lirekodi shoo zake kutoka kwenye mitambo, na likubaliane mapema nani anamiliki nini.

Ukitaka kuwasikiliza, usianze na TG25. Anza na Mandylion, uende How to Measure a Planet?, kisha The West Pole, na umpe Silje masikio yale yale uliyompa Anneke. Halafu ndio ufungue rekodi ya Nijmegen. Ukifika hapo, swali la nani ni bora litakuwa limekutoka akilini.