Deni la Wapiga Gitaa wa Mawimbini

Kuna hadithi ipendwayo sana na wasikilizaji wa muziki wa Marekani. Yanenwa kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1960, vijana wa pwani ya California, waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao, walirudi nchi kavu wakiwa na ngurumo ya bahari masikioni mwao, wakaitia ngurumo ile katika nyuzi za gitaa; na kwa njia hiyo ukazaliwa muziki mpya usio na baba wala mama, ambao hapa nitauita muziki wa mawimbi. Hadithi hii ni tamu. Nimewasikia wanafunzi wangu wakiisimulia kwa furaha, wala sina kinyongo na furaha yao. Lakini utamu wa hadithi si ushahidi wa ukweli wake, na hadithi hii ina dhuluma ndani yake. Mimi naipinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuutazame muziki wenyewe. Ulistawi kati ya mwaka 1961 na mwaka 1964. Sehemu yake kubwa haina maneno. Gitaa la umeme ndilo linaloimba. Nyuzi nene hunguruma, mkono hupiga uzi mmoja mara nyingi kwa kasi isiyopumzika, na juu ya yote hutanda mwangwi ulio kama sauti iliyorowa maji. Msikilizaji husema, "Hii ndiyo bahari." Sasa na tumwulize: kila moja katika sifa hizi ilitoka wapi?

Ngurumo ya nyuzi nene ilisikika kwa Duane Eddy, kijana aliyekulia Arizona, nchi ya jangwa isiyopakana na bahari. Mwaka 1958 alitoa santuri iitwayo "Rebel-'Rouser", akipiga mahadhi yake kwa nyuzi za sauti nzito mahali ambapo wengine wangalitumia zile nyembamba. Ili kupata mwangwi, yeye na wenzake walitumia tangi kubwa la maji lililo tupu: sauti iliingizwa upande mmoja kwa spika, ikanaswa upande wa pili kwa maikrofoni. Basi mwangwi tunaoambiwa kuwa ni zawadi ya bahari ulikwisha kuvuma jangwani, ndani ya tangi kavu, kabla vijana wa mawimbi hawajasikika. Mwaka ule ule wa 1958 Link Wray alitoa "Rumble". Yasimuliwa kwamba alizitoboa spika za kikuza sauti chake kwa penseli ili sauti ikwaruze. Baadhi ya vituo vya redio vilikataa kuupiga muziki huo, ingawa haukuwa na neno hata moja la kulaumiwa. Ukali ambao vijana wa pwani walijivunia baadaye ulikuwa umetangulia katika mikono ya mtu huyu.

Na umbo la nyimbo je? "Let's Go Trippin'" ya Dick Dale, iliyotolewa mwaka 1961, huhesabiwa na wengi kuwa ya kwanza katika muziki wa mawimbi. Imejengwa juu ya vipimo 12 vya bluzi. "Wipe Out" ya kundi la The Surfaris, ya mwaka 1963, nayo imejengwa vivyo hivyo. Nyumba hiyo ya vipimo 12 ilisimamishwa na watu Weusi wa Marekani miaka mingi kabla ya vijana hawa kuzaliwa, nao wapiga gitaa wa kwanza wa rokenroli wakaitia mwendo wa kasi. Mpangaji aliyepaka rangi ukutani hawezi kudai kwamba ndiye aliyechimba msingi.

Sasa nafika kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu. Chuck Berry wa St. Louis alitoa "Sweet Little Sixteen" mwaka 1958. Mwaka 1963 kundi la The Beach Boys lilitoa "Surfin' U.S.A.". Maneno yalikuwa mapya, yakizitaja pwani za mawimbi. Mahadhi yalikuwa yale yale ya Berry. Hata mapigo ya gitaa yafunguayo wimbo huo yalitoka katika santuri ya Duane Eddy, naye Eddy alikuwa ameyaazima kwa Berry. Lakini santuri ilipotoka mara ya kwanza, jina lililoandikwa la mtunzi lilikuwa moja tu: Brian Wilson. Wakati huo Berry alikuwa kifungoni, akitumikia adhabu aliyoianza mwaka 1962. Wimbo ukaenea nchi nzima, watu wakaucheza, na mwenye mahadhi yumo gerezani, hatajwi. Baadaye haki ya wimbo ilikwenda kwa kampuni iliyomiliki tungo za Berry, na jina lake likaandikwa. Haki ilikuja, lakini ilikuja baada ya kudaiwa, na haki ya kudaiwa haina heshima ya ile inayotolewa kwa hiari.

Wala hakuwa Berry peke yake. Freddie King, mpiga gitaa wa bluzi kutoka Texas aliyejijengea sifa Chicago, alitoa mwaka 1961 santuri ndefu ya muziki usio na maneno. Mwaka 1963, watu walipopagawa na mawimbi, kampuni yake iliitoa santuri ile ile upya, ikatia juu yake kelele za watu wanaoshangilia, ikaipa jina "Freddy King Goes Surfin'", yaani Freddy King aenda mawimbini. Tazameni kichekesho hiki, nacho ni kichekesho chenye uchungu. Mtu aliyetangulia ilimlazimu avishwe nguo za waliomfuata ili apate kusikilizwa!

Katika miaka ile hali ya Marekani ilisaidia usahaulifu huu. Katika majimbo ya kusini sheria ziliwatenga Weusi na Weupe, na magazeti ya biashara ya muziki yalikuwa yakiziweka santuri za Weusi katika orodha ya peke yake. Palipo na ukuta, ni rahisi mtu kuchuma tunda upande wa pili na kusema ameliokota njiani. Sisemi kwamba kila mwalimu wa muziki huu alikuwa Mweusi; Duane Eddy hakuwa. Nasema kwamba waliosahauliwa kwa urahisi zaidi walikuwa wale ambao nchi yenyewe ilikuwa imezoea kuwasahau.

Najua mtu atanijibu: "Mwalimu, wamsahau Dick Dale. Je, yeye hakuleta jipya?" Alileta, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dale alikuwa hodari. Katika ukumbi wa Rendezvous huko Balboa aliwakusanya vijana kwa maelfu. Alipiga kwa nguvu hata vikuza sauti vikaungua, na Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, akalazimika kumtengenezea vilivyo imara zaidi. Kisanduku cha mwangwi chenye springi, ambacho Fender alikitoa mwaka 1961, kiliupa muziki huu ule umajimaji wake. Haya ni mapya, wala siyakatai. Lakini msikilizeni Dale mwenyewe. Kasi ya mkono wake alisema aliipata kwa kumsikiliza Gene Krupa, mpiga ngoma wa jazi. "Misirlou", aliyoitoa mwaka 1962, ni wimbo mkongwe wa nchi za mashariki ya Bahari ya Kati, naye aliukumbuka kutokana na ami yake mwenye asili ya Lebanoni, ambaye alikuwa akipiga udi. Udi huo huo tunaoujua sisi katika taarabu ya Mombasa na Lamu. Bahari ilimpa Dale hamu. Mikono yake ilifunzwa na watu. Yeye, aliyekuwa na haki kubwa kuliko wenzake ya kujiita mwanzilishi, hakuona haya kuwataja. Mbona wanaomsifu waone haya kwa niaba yake?

Mwingine atasema: "Hata Berry aliazima." Kweli kabisa. Mapigo ya kufungulia "Johnny B. Goode" ya mwaka 1958 yafanana mno na yale aliyoyapiga Carl Hogan katika wimbo wa Louis Jordan wa mwaka 1946, na The Beach Boys nao wakayatumia kuufungulia wimbo wao "Fun, Fun, Fun" mwaka 1964. Lakini hoja hii hainivunji, yanijenga. Berry alimtaja Hogan kwa kinywa chake, na kwa kumtaja hakupungukiwa na kitu. Hakuna fundi aliyejifunza bila fundi. Kuazima ndiyo njia ya sanaa zote. Ubaya huanza pale mwazimaji anapofuta jina la aliyemwazima. Dawa ya deni ni kulipa, na katika sanaa malipo ya kwanza ni jina.

Nayasema haya nikiwa mtu aliyewahi kukosa. Chuoni nilikosomea ualimu palikuwa na mpishi mmoja mzee aliyejua sana gitaa. Jioni, baada ya kuosha masufuria, alinifundisha wimbo wake, akinishika vidole kimoja kimoja. Siku ya tamasha niliupiga mbele ya chuo kizima, na mkufunzi mmoja akaniuliza hadharani kama niliutunga mwenyewe. Nikatabasamu, nikanyamaza, na kimya changu kikahesabiwa kuwa jibu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, akinipigia makofi pamoja na wengine. Kesho yake nilikwenda jikoni kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, wimbo hukuuiba, maana nilikupa. Jina langu je, nalo nilikupa?" Sikuwa na jibu siku ile, na sina jibu hata leo.

Kwa hiyo, vijana, sikilizeni muziki wa mawimbi mkipenda. Ni muziki wa furaha, nami naupenda. Lakini mkiusikiliza, zitafuteni pia santuri za Berry, za Wray, za Eddy na za King, mzitegee sikio moja baada ya nyingine, nanyi mtaitambua mikono iliyotangulia. Methali yasema chanda chema huvikwa pete. Basi tusikivike pete kidole cha mwisho kilichougusa uzi, tukaviacha vitupu vile vilivyokifundisha. Na siku mtakapoandika insha, au kutunga shairi, au kupiga wimbo mliofunzwa na mtu, nanyi mkaulizwa mbele ya watu mmeupata wapi, msitabasamu mkanyamaza. Litajeni jina.