Lugha ya Zamani, Chombo cha Bure



Wako wenzetu hapa shuleni Arua wasemao kuwa chama chetu cha kompyuta kisifundishe kuandika programu mpaka zipatikane mashine mpya na intaneti ya kutosha. Mimi napinga shauri hilo. Mashine kuukuu tulizo nazo zatosha, maana ipo kompaila ya bure iitwayo Free Pascal.

Kwa wasiojua, kompaila ni mfasiri. Sisi wa Koboko twawajua sana wakalimani wa sokoni: Mkakwa asema neno, mkalimani alitoa kwa Kiswahili, naye akiondoka mazungumzo hukatika. Kompaila ni kama mfasiri wa kitabu. Husoma maandishi yote, ikikuta kosa hutaja mstari wenye kosa, na yakiwa sahihi huyageuza kuwa programu inayojitegemea. Naweza kuitia programu hiyo katika flashi, nikaenda nayo Koboko wakati wa likizo, nayo ikafanya kazi katika kompyuta ya namna ile ile isiyo na kompaila wala intaneti.

Lugha ya Pascal ilitolewa mwaka 1970 na Niklaus Wirth, profesa wa Uswisi, kusudi wanafunzi wajifunze kazi hii kwa utaratibu. Mwaka 1993 Florian Klämpfl, aliyekuwa bado mwanafunzi, alianza kuunda Free Pascal, na wengine wakajiunga naye. Haina ada ya leseni. Kila mtu ana ruhusa ya kusoma maandishi yake ya ndani, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Tena imeandikwa kwa Pascal yenyewe, hata mwanafunzi aliyeijua lugha aweza kuifungua na kuona ilivyoundwa.

Watasema, "Pascal imezeeka, waajiri wanataka Python." Ni kweli, na Python nayo ni ya bure, siidharau. Lakini Pascal hukulazimisha kutaja kila kitu ni cha aina gani kabla ya kukitumia, namba au neno, na mvivu husimamishwa mapema. Aliyezoea adabu hiyo hatashindwa na lugha nyingine, kama vile ajuaye Kilugbara asivyopata taabu kubwa kwa Kimadi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Jambo liniumalo ni hili. Katika somo la kompyuta muda mwingi twapiga barua na kupanga majedwali, yaani twajifunza kutumia vyombo vilivyoundwa na watu wengine. Kila mwaka wa kungoja, kundi zima la mwaka wa sita huondoka bila kuandika programu hata moja. Mimi naondoka mwaka huu. Sipendi wadogo zangu waondoke hivyo.

Basi tuanze na kazi ndogo yenye faida: programu ya kuhesabu posho na maharage ya ghala la jiko, ili ijulikane yatatosha siku ngapi. Nanyi wazee wetu mliopita shule hii, hatuwaombi mashine mpya. Mwenye kompyuta kuukuu nyumbani atuletee, na ajuaye kazi hii atupe Jumamosi moja kwa mwezi.

Haya shime, ndugu zangu! Haba na haba hujaza kibaba.