Ujira wa Mtoto Usikatwe

Yako madarasa ya watoto wenye usonji ambamo mwalimu hufundisha kwa kete. Mtoto akijibu, au akikaa kitako kwa muda waliopatana, hupewa kete moja, akaibandika ubaoni. Zikitimia tano, huzibadili kwa kitu akipendacho: kubembea, kusikiliza muziki, au kuzungusha gurudumu la kigari. Wako wauitao mpango huu hongo. Sisi hatuuoni hivyo. Ni nani kati yetu, ndugu wafanyakazi, aamkaye alfajiri kwa mapenzi matupu ya kazi? Mtoto ambaye sifa za mdomo hazimwingii huiona kete, huishika, na hujua zimebaki ngapi.

Lakini palipo na ujira pana mwajiri, na hapo ndipo penye neno letu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Ayllon na Azrin, waliutumia mpango huu kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Anna, jimbo la Illinois. Mgonjwa alifanya kazi jikoni au kwa dobi, akalipwa kete, na kwa kete hizo akanunua hata faragha ya kulala. Mwaka 1972, katika kesi ya Wyatt na Stickney, mahakama ya Alabama iliamua kwamba kitanda, chakula cha kutosha na faragha ni haki ya mgonjwa, tena kazi ya kuitunza hospitali haifanywi ila kwa hiari na kwa mshahara wa sheria.

Basi na darasani iwe vivyo hivyo. Maji, chakula, choo, na kupumzika makelele yanapomzidi mtoto, visiuzwe kwa kete.

Tena wako walimu wanyang'anyao kete mtoto akosapo. Wazee wa mashamba ya mkonge walikijua kipande: ngwe isiyomalizika haikutiwa alama, na jasho la siku likapotea. Kete iliyokwisha pokewa ni mali ya mtoto. Akipiga kelele baadaye, huenda tumbo linamwuma naye hana neno la kulisemea.

Hatupendi pia kusikia kete zikitolewa ili mtoto atulize mikono yake, mikono isiyomdhuru mtu. Zitolewe kwa kuomba maji, kufunga vifungo, kuvuka barabara.

Mzazi aendapo shuleni na aombe kuuona ubao wa mwanawe, aulize ni kete ngapi, kwa kazi gani, na zawadi ilichaguliwa na nani.