Mara Mia ya Nini?

Kila anayeanza Kijapani huletewa mapema daftari lenye viboksi, kila kiboksi kikingoja herufi moja. Mwalimu anaandika kanji juu ya ukurasa, wewe unaujaza mpaka chini. Kesho ni kanji nyingine. Kesho kutwa ile ya kwanza imeshatoka kichwani, unarudishwa uiandike upya. Hili huitwa nidhamu. Mimi naliita kuuchosha mkono ili kichwa kipate usingizi, na nina ugomvi nalo wa siku nyingi.

Watetezi wa daftari hilo wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote: mbona watoto wa Kijapani wanajifunza hivyohivyo na wanaweza? Ni kweli wanaweza. Mtoto wa Japani hufundishwa kanji 1,026 kwa miaka sita ya shule ya msingi, na mwaka wa kwanza ni 80 tu. Lakini mtoto huyo amekuja shuleni na lugha yake mdomoni. Neno yama analijua tangu hajaota meno yote. Mwalimu anamwonyesha tu kwamba mlima unaandikwa 山. Akitoka darasani anaikuta 山 kwenye kibao cha kituo cha treni, kwenye pakiti ya maziwa, kwenye jina la jirani. Daftari ni sehemu ndogo ya kinachomfundisha. Sasa mchukue mtu mzima wa Mwanza au Mombasa anayesoma saa mbili za usiku baada ya kazi, ambaye akifunga kitabu haoni kanji nyingine mpaka kesho. Huyu mnampa daftari peke yake, na orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136. Akishindwa mnamwambia hana bidii.

Nilisoma na fundi wa mitambo ambaye angeweza kukuchorea injini nzima kutoka kichwani. Aliacha darasa akiwa na madaftari manne yaliyojaa, ameshaamini kwamba kichwa chake hakifai kwa lugha. Kichwa kinachobeba injini! Huyo ndiye ninayemlilia kila nikisikia mwalimu akisifu kuandika mara mia.

Na mkono wenyewe si ghala la kuaminika. Wajapani wana msemo, wāpuro baka, wa kumtania mtu aliyezoea mashine ya kuchapa hadi akasahau kuandika kanji kwa mkono. Hao ni watu waliopita miaka yote ya daftari. Ukiuachisha mkono kazi, unasahau.

Nieleze basi ninachokitetea. Kanji nyingi zimeungwa kwa vipande, na vipande vinajirudia. Ukikipa kila kipande jina, kisha ukavishona vipande kwa kisa kifupi, kanji inaacha kuwa rundo la mistari. Mtu 人 kando ya mti 木 anakuwa 休, kupumzika. Huo ni mfano wa kila kitabu, tena ni mwepesi mno. Faida ya visa inaonekana pale kanji zinapofanana kama mapacha.

Chukua 寺, hekalu la Kibudha. Inaingia ndani ya 時, 持, 待, 侍, 詩 na 特, na hapa ndipo wanafunzi wa daftari hulia, kwa sababu mkono umeandika zote mara mia na hauoni tofauti. Mimi sikukulia karibu na hekalu la Kibudha. Nimekulia karibu na msikiti, kwa hiyo kichwani mwangu 寺 ni msikiti, na Wabudha wanisamehe. Weka jua 日 kando ya msikiti: unatazama jua ujue kama adhuhuri imeingia, na 時 ni wakati. Weka mkono: siku ya Ijumaa nani anaacha kandambili zake mpya mlangoni? Unaingia nazo mkononi, na 持 ni kushika. Weka kipande cha hatua za njiani: umesimama nje unamsubiri baba atoke kwenye sala, na 待 ni kungoja. Mtu kando ya msikiti ni bawabu asiyecheka na mtu, ndiye 侍, samurai. Maneno 言 yakitoka msikitini ni kasida za maulidi, na 詩 ni shairi. Ng'ombe 牛 aliyefungwa uani mwa msikiti si ng'ombe wa kila siku, ni wa Idi, na 特 ni maalumu.

Umesoma aya moja na umepata kanji sita ambazo hutazichanganya tena kwa urahisi. Mkristo aweke kanisa lake. Ng'ombe atampatia kazi nyingine.

Wapo wanaosema huu ni ujanja wa wavivu. Basi Wajapani ni wavivu wa kwanza. Mzee akitimiza miaka 88 husherehekewa kwa jina la beiju, kwa kuwa kanji ya mchele, 米, ukiifumua inakupa 八十八, themanini na nane. Akifika 99 sherehe ni hakuju, ya nyeupe, kwa kuwa 百 ni mia moja na ukiiondolea mstari wa juu, 一, inabaki 白. Mia kasoro moja! Na 親, mzazi, huelezwa kuwa ni mtu aliyesimama 立 juu ya mti 木 akimtazama 見 mwanawe kwa mbali. Nasi tuliofundishwa utotoni kuliona yai kuwa nyumba isiyo na mlango, tunashindwaje kumwona mfungwa katika 囚, mtu aliyezungushiwa kuta nne?

Hoja nzito zaidi ni ya wanazuoni: visa hivi si asili ya kweli ya kanji. Sawa, si asili. Lakini tazameni 東, mashariki. Xu Shen wa China, katika kamusi aliyoikamilisha mwaka 100, aliieleza kuwa ni jua ndani ya mti. Hakuwahi kuona maandishi ya kale ya mifupani, yaliyotambuliwa mwaka 1899. Wataalamu walioyachunguza wanaona humo picha ya mfuko uliofungwa ncha zote mbili. Kwa miaka 1,800 hivi watu walijifunza 東 kwa kisa kisicho kweli, na hakuna aliyeshindwa kuisoma kwa sababu hiyo. Historia ya maandishi ni elimu tukufu; ifundishwe kwa nafasi yake.

Ugomvi wangu wa pili ni na wenzangu wa visa. Mmarekani James Heisig alitoa kitabu chake mwaka 1977, akaipa kila kanji neno moja la Kiingereza na kuionyesha dunia kwamba njia hii inawezekana. Namheshimu. Ila sisi tumekipokea kama kilivyo, tukawa tunatoka kwenye kanji kwenda Kiingereza, na kutoka Kiingereza kurudi nyumbani. Safari ya nini? Kiingereza kina neno moja tu la 稲, 米 na 飯, kisha mwanafunzi anahangaika kutenganisha. Mswahili hana la kuhangaikia: mpunga, mchele, wali. Shamba, gunia, sahani. Wajapani na sisi tumegawanya kitu hicho palepale, na bado kuna Mtanzania anayeandika kwa Kiingereza kwenye kadi zake na kushangaa kwa nini zinamchanganya.

Visa havitakupa matamshi. 生 ina sei, shō, nama, i ya kuishi, u ya kuzaliwa na mengine, na hayo utayapata kwa kusoma na kusikia maneno mazima, hakuna njia ya mkato. Familia ya msikiti inasaidia kidogo: 時, 持 na 侍 husomwa ji kama 寺 yenyewe, lakini 詩 ni shi, 待 ni tai na 特 ni toku. Anayekuuzia visa kama Kijapani kizima ni tapeli.

Walimu, daftari msilichome. Mwanafunzi avitaje vipande, atunge kisa chake kwa lugha anayoiota usiku, aiandike kanji mara tatu kwa mpangilio sahihi wa mistari, afunge. Baada ya siku mbili mpeni neno la Kiswahili tu, "kungoja", na ukurasa mweupe.