Manganizi ya Mrima: karasha peke yake haitoshi

Kijiweni kwetu Horohoro kila yakitajwa madini ya kilima cha Mrima, hakosekani mtu wa kusema, "Leteni karasha tu, watu watoke kimaisha!" Mimi nimeishia fomu foo, lakini hesabu hii haihitaji digrii.

Mrima upo Kwale, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Lungalunga. Una niobiamu, madini adimu, na manganizi pia, ile inayotiwa kwenye chuma ili kiwe kigumu na kwenye betri za tochi.

Tuseme una tani 100 za mawe, manganizi asilimia 20. Ukisafirisha hivyo hivyo, unalipia nauli ya tani 80 za vitu vingine. Ukichenjua hadi asilimia 40, na ukaokoa asilimia 70 ya manganizi yako, unapata tani 35 za makinikia (si mnakumbuka makontena 277 ya mwaka 2017 pale Dar?). Mzigo umepungua, sawa. Ila tani 6 za manganizi umezimwaga na mabaki.

Sasa, unachenjuaje? Kama uchafu ni mchanga mweupe, kazi nyepesi: ponda, osha udongo, tikisa kwenye maji. Manganizi nzito inakaa chini, mchanga unabaki juu. Lakini ya Mrima imechanganyika na chuma na udongo. Chuma uzito wake unakaribiana na manganizi, na sumaku kali inakamata vyote viwili! Hapo lazima uchome mawe kwanza ili chuma kishikwe na sumaku ndogo, au uyeyushe manganizi kwa kemikali. Moto ni pesa, kemikali ni pesa. Na maji machafu yatateremka kwa nani?

Mrima ni msitu wa kaya ya Wadigo. Leseni ya uchimbaji ya kampuni ya Cortec ilifutwa mwaka 2013. Kampuni ikaishtaki Kenya, na mwaka 2018 ikashindwa, kwa sababu leseni ilitolewa bila kufuata sheria ikiwemo ya mazingira.

Kwa hiyo akija mtu na karasha kijijini kwenu, upande wowote wa mpaka, muulizeni: mawe yamepimwa maabara? Yamechanganyika na nini? Mabaki yatamwagwa wapi? Akijikanyaga, huyo anatafuta vibarua, hatafuti wabia.

Mnasemaje wadau? Uwanja wenu.